Paka sita nyumbani, na panya bado wanatawala

Assalaam alaykum Somo,

Natumai u mzima, wewe na wako wote. Mimi ni mkaza mwana katika nyumba moja ya Langoni, hapa Lamu. Ni nyumba ya zamani, ya mawe na boriti, na juu darini kuna paa la makuti. Tunaishi mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, shemeji yangu na mavyaa. Wa tatu yuko njiani, mimba yangu ina miezi minne.

Mavyaa ni mtu wa wanyama. Paka wa nyumbani ni sita, mmoja wao ana watoto wachanga sasa hivi, na wale wa njiani wanaokuja kula sijawahi kuwahesabu. Kiwandani, yaani uani, kuna kuku, darini kuna njiwa wa mume wangu. Sina ugomvi na hayo, nimeyazoea, na watoto wanafurahi.

Shida yangu ni panya. Tangu masika yaanze wamehamia kwetu ukoo mzima. Usiku wanakimbizana juu ya boriti mpaka vumbi la chokaa linatuangukia kitandani. Wametoboa gunia la mchele, wamekata waya wa friji, wameitafuna kofia ya viua ambayo mume wangu aliiweka kwa ajili ya Idi. Vifaranga wamebaki nusu. Njiwa wanataga lakini hatuoni makinda. Na paka, Somo, wanatazama tu! Juzi usiku nilishuka kunywa maji nikamkuta panya yuko pale dakani, mlangoni, anakula kwenye sahani ya paka, na paka mwenyewe amejilaza kando, hata sikio hakutikisa.

Mume wangu anasema paka wameshiba kupita kiasi, wanyimwe chakula wiki moja watafanya kazi. Mavyaa aliposikia alihamaki, akatukumbusha habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia na njaa. Sasa shemeji naye amekuja na lake. Amenunua kipakiti kwa yule mtu anayepita na kipaza sauti, "dawa ya panya, kunguni, mende". Ndani ni punje nyeusi, na kipakiti hakina jina wala maandishi yoyote. Anataka kuchanganya na wali aweke darini mavyaa akishalala, na ameniomba nisiseme kitu. Kwa sasa kipakiti nimekiweka mimi, kwenye kidaka cha chumbani, juu.

Ninavyoogopa ni kwamba mwezi uliopita paka wa jirani alikutwa njiani amekufa, povu limemtoka mdomoni. Mpaka leo nyumba mbili za mtaa huu hazisemezani.

Nimekaa katikati. Nikimwambia mavyaa, nimemchongea shemeji. Nikinyamaza na paka wakafa, sitaweza kumtazama mama yule usoni. Na ukweli wangu ni kwamba panya nimewachoka. Nikiambiwa iko sumu salama kwa nyumba yenye paka, nitaitia mwenyewe. Je, ipo? Na ni kweli paka akishiba hawindi?

Mkaza mwana, Langoni

—

Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera kwa mimba.

Kabla hujaendelea kusoma, kipakiti hicho kitoke kwenye kidaka. Mtoto anayeweza kupanda kiti anakifikia. Usikifungue, usikinuse, na usikimwage chooni wala mtaroni, maana mitaro ya Lamu inaishia baharini na njiani inapita milango ya watu. Mwambie mume wako akitie ndani ya kopo lenye kifuniko, akifunge kwa tepu, akipeleke ofisi ya kilimo au ya mifugo aulize wakiteketeze vipi. Wewe nawa mikono kwa sabuni basi.

Nimekazania hilo kwa sababu sumu isiyo na maandishi ni sumu isiyo na tiba. Hapa Kenya dawa yoyote ya kuulia panya inatakiwa iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na wanyama waharibifu, na namba ya usajili iwe kwenye karatasi yake pamoja na jina la kemikali iliyomo. Maandishi hayo daktari anayahitaji kuliko mnunuzi. Akiletewa mtoto au paka aliyelamba kitu, dawa ya kumpa inategemea alilamba nini. Punje nyeusi zisizo na jina zinazouzwa mitaani katika nchi nyingi zimekutwa mara kwa mara kuwa dawa kali za shambani za kuulia wadudu, zile za jamii ya kabameti, ambazo hazikutengenezwa zikae ndani ya nyumba ya mtu. Zikiingia mwilini, mate yanatoka bila kukoma, mwili unatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinajaa, na kifo kinaweza kuja ndani ya saa moja. Paka wa jirani yako sikumwona na siwezi kusema alikula nini. Lakini povu ni moja ya dalili hizo.

Sasa ile ya dukani, yenye jina na namba? Hapa ndipo wengi hujidanganya. Nyingi katika hizo hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Majina utakayoyakuta kwenye boksi ni kama brodifakumu au bromadiolone. Panya anakula leo, anaendelea kutembea, anakufa baada ya siku tatu, nne, hata wiki. Siku hizo za katikati ndizo za hatari kwenu. Panya aliyekwisha kuanza kuvuja damu ndani kwa ndani ni mzito, hakimbii vizuri, anatoka mchana, na paka yule aliyekuwa hatikisi sikio sasa anapata windo rahisi. Sumu imekaa kwenye ini la panya, inahamia kwa paka. Kuku nao humdonoa panya mfu, na kunguru wakimaliza wao wanaangusha kipande juu ya paa la mtu mwingine. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, ndivyo walivyosema wazee, na sumu ndiyo imezidi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kwa nyumba yenye paka sita, mmoja ananyonyesha, kuku, njiwa na watoto wawili wa binadamu, sumu salama haipo. Hata ile inayowekwa ndani ya sanduku la kufungwa ili paka asiifikie inamzuia paka kula chambo tu. Haimzuii kumla panya aliyetoka humo.

Ikitokea kwa bahati mbaya paka amekula, usimpe maziwa. Najua pwani yetu yote maziwa ndiyo dawa ya sumu, lakini si kweli, na zipo sumu ambazo tumbo likitiwa chochote ndiyo zinachemka zaidi. Ile ya zinki fosfaidi, yenye harufu kama ya kitunguu saumu, inatoa gesi ikikutana na asidi ya tumbo, na chakula kinaongeza asidi hiyo. Matapishi yake pia yana gesi, kwa hiyo mtoe paka mahali penye hewa na watoto wakae mbali. Wala usimnyweshe maji ya chumvi atapike. Chumvi peke yake inatosha kumuua paka. Mtie ndani ya kikapu, chukua pakiti ya sumu au hata kipande chake, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Zile za kuzuia damu zina tiba, vitamini K1, lakini inatolewa kwa wiki kadhaa na inafaa ianze kabla hujaona damu. Za kabameti hutibiwa kwa atropini, na hapo ni mbio za dakika. Fizi zilizopauka, paka kulala bila kuinuka, damu puani au kwenye mkojo, uvimbe usioeleweka, hizo si za kungoja kesho.

Tuje kwa mume wako na nadharia yake ya njaa. Si wa kwanza, na nusu ya wanaume wa mji huo wanasema hivyo wakiwa wamekaa barazani. Paka hawindi kwa njaa peke yake. Paka aliyeshiba huwinda vilevile, hata kama windo halili, ndiyo maana unamkuta amekuletea kirukanjia mlangoni na hakumgusa kwa jino la pili. Ukimnyima chakula kwako, atakwenda kula kwa wachuuzi wa samaki, au jaani, au kwa jirani, na njaa itawadhoofisha yule anayenyonyesha na watoto wake kabla haijamgusa panya hata mmoja. Mavyaa wako ana haki ya kuhamaki.

Lakini na yeye tusimpe ushindi wote. Imani kwamba nyumba yenye paka haina panya inapingwa na mji wenyewe. Lamu ina paka kila kichochoro, na panya wapo. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao huko New York, ambako walifunga kamera kwenye kituo cha kukusanyia taka kilichojaa panya, paka wa mitaani nao wakiwa humohumo. Katika siku 79 za kurekodi, paka waliua panya wawili. Wawili tu. Paka walipokuwepo panya walijificha zaidi, mtu akadhani wameisha. Sababu inaeleweka: panya mzima wa mitaroni ana uzito wa robo kilo na zaidi, ana meno, anapigana. Paka anapenda kitu kidogo kisichomuuma, ndege, mjusi, kipanya kichanga. Basi msimlaumu aliyejilaza dakani. Amepiga hesabu zake.

Ulichoniandikia wewe mwenyewe, ukapita haraka, ndicho kiini cha jambo zima: panya alikuwa anakula kwenye sahani ya paka, usiku. Panya mmoja anashiba kwa gramu 15 mpaka 30 kwa siku, chini ya konzi moja ya wali. Sahani ya vichwa vya changu na wali iliyolala dakani inalisha panya wengi kuliko unavyotaka kujua, na hiyo ni sahani moja. Nina hakika ziko zaidi. Ongeza pumba za kuku kiwandani, mtama wa njiwa uliomwagika darini, gunia la mchele lililo wazi. Panya jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa sita, wanane, pengine zaidi, na watoto hao baada ya miezi mitatu hivi nao wamo kwenye kuzaa. Mvua za masika zilijaza mashimo yao ya mitaroni, wakapanda kutafuta pakavu, wakakuta pakavu kwenu pana na chakula. Hawana sababu ya kuondoka. Unaweza kuua kumi leo; karamu ikiendelea, kumi wengine watakuja kujaza nafasi.

Kwa hiyo chakula cha paka kisipungue, kibadilike saa. Panya hula usiku. Paka walishwe asubuhi na baada ya Alasiri, wapewe kinachomalizika, na kabla ya Magharibi sahani zote ziinuliwe, zioshwe, na dakani pafagiwe mpaka mwiba wa mwisho. Wale wa njiani watajifunza saa mpya kwa siku chache. Maji yabaki usiku kucha, hayo hayana ubaya. Mama anayenyonyesha apewe mlo wake wa usiku ndani, chumba kilichofungwa, wewe au mtoto mkubwa akisimama mpaka amalize. Na watoto wake wasiwe sakafuni ghalani. Kitoto cha paka ambacho hakijafungua macho, panya anakiua. Watie ndani ya sanduku la kina, chumbani.

Hili utamwambiaje mavyaa bila kumwambia kwamba sadaka yake ndiyo inayofuga panya? Usiende na lawama, nenda na hofu yako. Mwambie, "Mama, naogopa paka wetu wasipatwe na yaliyompata yule wa jirani. Huenda watu mtaani wanatega sumu, na panya waliokula sumu wanaweza kuja kwenye sahani zetu usiku. Tukiziinua jioni, paka watasalimika." Kila neno hapo ni kweli, na humtaji shemeji. Halafu mpe yeye usimamizi. Saa za kulisha zitangazwe na yeye, na ole wake atakayeacha sahani nje. Ninavyowajua akina mama wa namna yake, baada ya siku tatu atakuwa mkali kuliko wewe. Akikutajia dini, mtajie na wewe: Mtume (s.a.w.) alimtaja panya katika wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata katika Haram, na huyohuyo ametuamrisha kuua kwa wema tunapoua. Hakuna aliyezuia mtego.

Shemeji yako mwache kwa kaka yake. Siri aliyokuomba uitunze ni siri ya kulisha nyumba sumu, na mume wako ana haki ya kujua kilichomo nyumbani kwake. Azungumze naye pembeni, bila kumpigia kelele, na ampe kazi. Kijana alikuwa anataka kusaidia, na kazi ipo tele.

Kazi ya kwanza ni matundu. Nyumba za mawe za Lamu ni nzuri kwa watu na nzuri kwa panya. Jiwe la matumbawe na chokaa hulika kwa miaka, na pale boriti inapoingia ukutani hubaki upenyo pande zote. Panya mkubwa anahitaji tundu la sentimita 2 tu. Kile kipanya kidogo kinapita penye milimita 6. Wazunguke nyumba mchana na tochi, wapake unga mwembamba mbele ya kila tundu jioni, asubuhi wataona nyayo. Tundu lenye nyayo lijazwe waya ulioviringwa, ule wa kusugulia sufuria lakini wa aina isiyoshika kutu, maana hewa ya bahari inaumaliza ule wa kawaida upesi, kisha juu yake chokaa na mchanga. Fundi akija na saruji mwambie arudi nayo. Ukuta wa matumbawe unapumua, saruji inafungia unyevu ndani, baada ya muda plasta inabanduka na panya anapata mlango mpya. Isitoshe mji wa kale ni urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na kwa kazi kubwa ya nje ya nyumba inabidi kuuliza watu wa makumbusho kwanza.

Bomba la maji machafu linalotokea mtaroni litiwe wavu wa waya mdomoni. Mlango wa ghala uongezwe kipande cha bati chini. Makuti siwezi kukudanganya: paa la makuti halizibiki. Hapo kinachozibwa ni njia ya kushukia, yaani pembe za ngazi na upenyo wa juu ya milango. Kama mna wikio linalowaunganisha na nyumba ya pili, hilo ni daraja lao, likaguliwe kabla ya kingine chochote. Mchele na unga uhamie kwenye debe la bati au pipa zito lenye kifuniko cha kukaza. Ndoo nyembamba ya plastiki panya huitafuna.

Kisha mitego, na mtego mzuri bado ni ule wa kufyatuka. Wanunue mingi mara moja. Mitego kumi usiku mmoja inafaa kuliko mtego mmoja usiku kumi, kwa sababu panya huogopa kitu kigeni na mwenzake akinaswa hujifunza kukaa mbali. Siku tatu nne za mwanzo mitego iwekwe na chambo bila kutegwa, wale, wazoee. Halafu itegwe yote pamoja. Chambo, achana na jibini ya kwenye vitabu vya picha. Kata kipande cha mbata ukibabue motoni kidogo, au kijipande cha ng'onda, ukifunge kwa uzi ili asiweze kukinyakua na kuondoka. Mtego ukae ukutani, upande wa chambo ukiuelekea ukuta, kwa maana panya hupita akiwa amejibana na ukuta. Juu ya boriti ufungwe kamba.

Paka je? Kila mtego wa chini uingie ndani ya sanduku la mbao lenye tundu la sentimita 5 hivi pembeni, na mtego ukae mbali na tundu kiasi kwamba mkono wa paka haufiki. Fundi seremala wa mtaani analitengeneza kwa vipande vya mbao. Wale watoto wa paka wakianza kutembea wanaweza kupenya hapo, kwa hiyo wafungiwe chumbani usiku mitego ikiwa imetegwa. Asubuhi kabla ya yote mitego ikaguliwe. Ile ya tundu, inayomkamata panya mzima, inafaa pale penye wanyama wengi, lakini lazima mtu awe tayari kummaliza panya mwenyewe kwa haraka; kumwachia mtaa wa pili ni kuwapelekea wenzako balaa, na kumwacha juani ndani ya tundu ni ukatili.

Gundi usiinunue. Inanasa vifaranga, inanasa mijusi, na kitoto cha paka kikikanyaga kinajiviringisha mpaka ngozi inatoka. Kama imeshatokea, mafuta ya kupikia ndiyo yanayoilegeza, si maji wala petroli. Na vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa sauti ya kufukuza panya, hifadhini pesa zenu. Panya huzoea ile sauti.

Kuku wapate banda lililoinuliwa, lenye wavu wa matundu madogo. Ule mpana wa kawaida unazuia kuku kutoka lakini hauzuii panya kuingia. Chakula chao kiinuliwe jioni pamoja na sahani za paka. Njiwa ni wagumu zaidi, kwa vile panya wa darini ni mpandaji hodari. Nguzo za kibanda chao zivishwe mkanda wa bati laini, mpana kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, na kusiwe na kamba wala tawi linalogusa. Mume wako akitaka makinda, atafanya.

Nimeacha habari yako mwisho, lakini si kwa udogo wake. Mkojo wa panya unabeba leptospirosi, ugonjwa uleule uliozuka Lindi, Tanzania, Julai 2022, ukaua watu watatu, wakauita homa ya mgunda. Vijidudu vyake vinaingia kwa ngozi iliyokatika au kwa macho na mdomo, kupitia maji na unyevu. Kwa hiyo kisima na birika vifunikwe. Kinyesi cha panya kisifagiwe kikavu. Kinamwagiwa kwanza maji yenye jiki, kipimo kimoja kwa tisa za maji, kinaachwa dakika tano, kisha kinafutwa kwa glavu. Kazi hiyo isiwe yako mpaka ujifungue. Wala usiguse mavi ya paka: paka anayekula panya anaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, vinavyomdhuru mtoto tumboni. Havimwambukizi mtu siku ileile vikitoka, vinahitaji siku moja au zaidi, kwa hiyo mahali pao pa haja pasafishwe kila siku na mtu mwingine. Mimba si sababu ya kumfukuza paka. Ni sababu ya wewe kunawa mikono. Na ukiona homa, kichwa kinauma, misuli ya miguu inauma na macho yamekuwa mekundu au ya njano, nenda hospitali uwaambie nyumba yenu ina panya. Wasipoambiwa watapima malaria tu.

Mtaani, mume wako ana nafasi ya kuwasemesha wale wasiosemezana kwa kuanza na mtaro. Watu wakikubaliana siku moja ya kuuzibua na kuinua taka, mengine yatajisema humo. Nyumba yenu peke yake mtapunguza panya sana, ila zile za pande zote zikiendelea kuwalisha, msimu ujao wa mvua mtaanza upya.

Na mpaka hapo, ukimwona panya anatembea polepole mchana kweupe, au amekufa bila jeraha, chukulia kwamba kuna aliyetia sumu karibu. Waite paka wote ndani wafungiwe. Shemeji amuokote huyo panya kwa glavu au mfuko uliogeuzwa nje ndani, amfukie kina cha goti, mahali ambapo mbwa wala kuku hawafukui. Halafu mavyaa aende nyumba za jirani kuuliza kwa upole ni nani. Yeye wanamheshimu, na kwake hawataweza kukana.